Kiti Kilichokaliwa Mara Nne

Nilistaafu siku ya Jumanne, kabla ya adhuhuri, nikiwa na mtoto mgongoni na spana namba kumi na tano mkononi. Nina miaka thelathini na moja. Anayetaka kucheka acheke. Wengine wanastaafu kwa barua na keki, mimi nilistaafu kwa hasira.

Ilikuwa hivi. Nilitoka kliniki kumpima Salma uzito, nikaingia karakanani kwetu hapa Masasi nikijua kazi iliyobaki ni moja tu: kutia gololi mpya kwenye gurudumu la mbele la baiskeli ya Bibi Zainabu wa Newala, halafu niipakie kwenye gari la mchana imrudie mwenyewe. Baiskeli niliikuta imeegemezwa ukutani. Kiti chake cha ngozi, kile cha springi, hakipo. Mahali pake kimefungwa kiti cha plastiki, cheusi, kinang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Jafari, mwenye karakana, alikuwa amekaa anakunywa chai na wateja wawili. Nikamuuliza kiti cha Bibi kiko wapi. Akasema kimepata safari, kimepanda basi la Dar tangu alfajiri. Akaongeza, bila hata kuweka kikombe chini:

"Mama Salma, bibi mwenyewe hapandi. Mtu hapandi baiskeli, kiti cha nini?"

Nilikifungua kile cha plastiki kwa spana, taratibu, nati moja baada ya nyingine, nikaenda nikamwekea mapajani.

"Kikalie wewe," nikamwambia.

Wateja wakacheka wakidhani ni utani wetu wa kila siku. Nikavua ovaroli, nikaikunja, nikaiweka juu ya meza ya kazi. Nikaichukua baiskeli ya Bibi kama ilivyo, na gololi zangu mfukoni, nikatoka. Miaka kumi na miwili ikaishia pale mlangoni.

Nawaandikia nyinyi wawili mliobaki, Zuhura na Daudi. Mlikuja wakati karakana yetu ilishakuwa ya kutuma vifurushi. Hamkuiona ilipokuwa ya baiskeli. Msiposimuliwa, mtadhani mambo yalianza hivi mlivyoyakuta.

Mimi nilifika pale kwa sababu ya matokeo ya kidato cha nne, ambayo yalinipa daraja lisilompeleka mtu popote ila nyumbani. Baba alinituma kuziba pancha. Fundi Issa, mwenye karakana wa wakati huo, alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa spoku. Alikuwa na baiskeli sita mbele yake na mikono miwili tu. Nikamshikia rimu. Nikamshikia na nyingine. Jioni akaniuliza kama kesho nina shughuli. Sikuwa na shughuli kesho wala mwaka ule mzima.

Wiki ya kwanza sikugusa spana. Nilipewa kopo la mafuta ya taa lenye gololi chakavu na nikaambiwa nizioshe, kisha nizitenge: nzima huku, zilizokwisha kule. Nikazitenga kwa macho, nikajiona hodari. Mzee akachukua fungu langu la nzima, akafumba macho, akazipitisha moja moja kati ya kidole gumba na cha shahada, na akatoa karibu nusu. Akasema gololi iliyokwisha inamdanganya jicho, kidole haikiwezi. Hadi leo naweza kukwambia gololi mbovu gizani. Ni ujuzi ambao hakuna mahali pa kuuandika kwenye barua ya maombi ya kazi, lakini ninao.

Jambo la pili nililolipata kwake ni swali. Mafundi wengine mtu akifika humuuliza, imeharibika wapi? Fundi Issa aliuliza, inabeba nini? Kama inabeba mkaa, atakaza spoku za nyuma zaidi. Inabeba magunia ya korosho kutoka shambani Chiungutwa, ataongeza nondo kwenye keria. Inabeba mtoto wa shule, atafunika mnyororo ili sare isiingie grisi. Mtu mmoja alimjibu kwa jeuri kwamba inambeba yeye mwenyewe tu. Mzee akamtazama tumbo, akabadilisha springi.

Ndipo nikajifunza habari ya viti. Sisi wa huku bondeni, Masasi na Chiungutwa, baiskeli tunaipanda, kwa hiyo viti vyetu vimepinda, vimepasuka, vingine vimeshonewa gunia. Baiskeli zikishuka kutoka Newala kuja kutengenezwa, fremu imechakaa, rimu imechoka, lakini kiti kizima kabisa. Nilidhani watu wa Newala ni watunzaji sana. Mzee akaniambia niangalie mshiko wa usukani. Wa kushoto umelika hadi chuma kinaonekana, wa kulia bado una mistari yake. Kule juu maji ni ya kutafuta. Baiskeli inapakiwa madumu, mwenyewe anatembea upande wa kushoto, anaisukuma hadi nyumbani. Miaka ishirini inasukumwa. Nani alikaa? Hakuna aliyekaa.

Kumbukeni hilo la viti. Ndilo lililoniponza.

Halafu bodaboda zikajaa. Mwanzoni tulisema zitapita. Zilipita kweli, mbele ya mlango wetu, na wateja wetu nyuma. Baiskeli zikatundikwa darini, zikawekwa kuku juu yake, mwisho zikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo, pamoja na masufuria yaliyotoboka. Baiskeli nzima ya Mwingereza, breki za vyuma, kengele inayolia vizuri, bei yake ilikuwa jogoo. Tena jogoo asiye mkubwa. Fundi Issa alikuwa akisimama mbele ya lori la vyuma chakavu akizinunua moja moja, si kwa sababu alikuwa na mteja. Aliniambia hawezi kuangalia.

Mteja akaja mwenyewe. Bwana Mansuri, mtu wa Dar, aliyefuata biashara ya korosho akaona baiskeli zetu ukutani, akasahau korosho. Alikuwa mkusanyaji. Mimi nilikuwa sijui kwamba kuna watu wanakusanya baiskeli kuukuu jinsi wengine wanavyofuga mbuzi, na wanauziana, na wengine wako ng'ambo. Akaagiza moja, nzuri kuliko zote, atarudi baada ya wiki. Tukampatia iliyotoka Chiungutwa, ya babu mmoja aliyeitunza tangu ujana. Rangi yake nyeusi ilikuwa imepasukapasuka, mistari ya dhahabu imefifia, huioni mpaka uielekeze kwenye mwanga.

Sasa sisi tumelelewa. Sahani ya mgeni hairudi na masizi. Tukaipiga msasa fremu yote hadi chuma kikawa cheupe, tukaipaka rangi mara tatu, na Mzee akachora mistari ya dhahabu kwa unyoya wa kuku, amebana pumzi. Siku tatu nzima. Ilipokauka watu waliacha maduka yao wakaja kuiona.

Bwana Mansuri alifika, akaiona, akakaa kwenye kizingiti. Akashika kichwa kwa mikono miwili. Tukadhani ameugua, nikakimbilia maji.

"Fundi," akasema, "mmeiosha umri wake."

Hakuinunua. Wala hakugomba, alituonea huruma, jambo ambalo ni baya zaidi. Fundi Issa akaipanda yeye mwenyewe hadi alipofariki. Ilikuwa baiskeli nzuri kuliko zote Masasi na haikuwa na thamani yoyote. Akiulizwa bei alisema, hii nimeiharibu kwa mikono yangu, siwezi kumuuzia mtu.

Baada ya hapo tulijua. Usisugue. Usipake. Vumbi pangusa kwa kitambaa kikavu na usiendelee. Bei zikapanda. Baiskeli yenye rangi yake ya kwanza ilifika mbuzi mmoja, ikafika wawili, na kuna nyumba Chiungutwa ambayo hadi leo ina mabati sita yaliyotokana na baiskeli moja. Kila mwenye kutu akajiona tajiri. Jamaa mmoja alituletea baiskeli ya Kichina ya juzi, ameizika wiki nzima kwenye majivu yaliyomwagiwa maji ya chumvi, imekuwa nyekundu kama udongo wa Newala. Anasema ya babu yake. Mzee akainusa, akamwuliza babu yake amefariki lini, maana kutu bado inanuka jikoni.

Kazi ya kwenda vijijini kununua niliifanya mimi, na ndiyo iliyokuwa ngumu. Si kwa sababu ya milima. Kuna mzee aliniuzia baiskeli Jumatatu, akapokea fedha zake, akanisaidia hata kuipakia. Jumatano akatokea karakanani, amekuja kwa miguu, amebeba kuku. Akasema hataki kuvunja makubaliano, ameomba tu tubadilishane: yeye atoe fedha zote na kuku juu, tumpe baiskeli. Ilikuwa imeshaondoka. Alikaa nasi hadi alasiri akikiangalia kile kipande cha ukuta ilipokuwa imeegemezwa. Kuku alituachia. Hakuna aliyemla, alitaga pale hadi akazeeka.

Tangu siku hiyo Fundi Issa akaweka sharti: baiskeli yoyote tunayonunua italala karakanani siku saba kabla haijapanda basi. Mwenyewe akirudi ndani ya hizo saba, anachukua, hatuulizi. Wanunuzi wa mjini walilalamika. Mzee akawajibu kwamba kitu kimekaa kwa watu miaka hamsini, siku saba hazitakiozesha.

Alipofariki, karakana ilikwenda kwa Jafari, mtoto wa dada yake, kama ilivyo desturi yetu huku. Desturi siilaumu. Na Jafari, niseme ukweli ingawa leo sitaki, si mtu mbaya. Nilipojifungua Salma alileta mchele na akaniwekea kazi yangu. Simu anaijua, wateja wa mbali ni yeye aliyewapata. Lakini soko lilikuwa limegeuka tena mikononi mwake. Waliokuwa wakitaka baiskeli nzima za kupamba hoteli walishajaza kuta zao, na nauli ya kusafirisha ikazidi bei ya kitu chenyewe. Baiskeli nzima ikarudi kwenye jogoo, safari hii jogoo mkubwa. Kilichopanda ni vidogo: nembo ya mbele, taa, kengele, dinamo. Kinachoingia kwenye boksi. Juu ya vyote, viti. Kiti cha ngozi kisichopinda kilipita bei ya baiskeli iliyokibeba. Siku saba Jafari akazifuta. Akasema mteja wa simu hasubiri, akikosa kwako anapata kwa mwingine kabla hujafunga mdomo.

Akaniuliza viti vizima vinapatikana wapi. Nikamwambia. Nilimweleza habari ya Newala yote, mshiko wa kushoto na madumu na kusukuma, nikijisikia mjuzi, nikiwa nimesimama palepale Fundi Issa aliposimama. Kama kuna siku ningependa kuirudisha nyuma ni hiyo, si Jumanne.

Bibi Zainabu nilimjua kwenye safari za kununua. Nyumba yake iko karibu na ukingo, pale ambapo ardhi inakatika na unaliona bonde la Ruvuma lote chini. Nilibisha hodi, nikaiona baiskeli imesimama barazani, rangi ya kwanza, kiti kama kimetoka dukani. Nikamwamkia, shikamoo Bibi, akaitika, akanipa maji ya kunawa kwenye kikombe kidogo, na mtu wa Newala akikupa maji amekupa. Nikataja bei. Akasema hauzi. Nikaongeza. Akacheka.

Akaniambia baiskeli hiyo marehemu mume wake aliisukuma miaka yote ya ndoa yao na hakuwahi kuikalia. Kiti kimekaliwa na mtu mmoja, yeye, mara nne tu. Kila uchungu ulipomshika, mume alitoa madumu, akampandisha yeye. Wenzake waliwekwa kwenye keria. Mume wake alisema keria ni chuma, kiti kina springi. Basi alimkalisha pale, mkono mmoja usukani, mwingine kiunoni mwake, wakaenda hivyo hadi hospitali.

"Mara zote nne nilienda peke yangu," akasema, "tukarudi wawili. Utakipa bei gani?"

Mimi wakati huo nilikuwa na mimba ya Salma, haijaonekana. Nikafunga daftari langu.

Siku hizi Bibi anatembea nayo. Miguu imechoka, na fimbo ameikataa kwa sababu, kwa maneno yake, fimbo ni ya wazee. Anaweka kiganja cha kulia juu ya kiti, cha kushoto kwenye usukani, anakwenda sokoni, zahanati, msikitini, anasimama akitaka, anasalimia watu. Ukimwona kwa mbali utadhani anasindikizana na mtu.

Gurudumu la mbele lilipoanza kukwama akaniita. Nikaligusa, gololi zimekwisha, na za ukubwa ule sikubeba. Nikamwomba anipe niende nayo Masasi. Hakutaka. Nikamwambia siku tatu. Nikachana karatasi, nikaandika jina langu, baiskeli moja, kila kitu chake, siku tatu. Akaikunja akaifunga kwenye pindo la khanga. Siku tatu hizo alikuwa haendi popote, anakaa ndani, na mimi nilijua.

Basi Jumanne ile niliipandisha Newala bila kiti. Gololi nilizitia hapohapo stendi, Salma amelala kwenye khanga pembeni yangu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipofika Bibi alikuwa barazani, na alichouliza kwanza ni mtoto ana kilo ngapi. Nikamwambia. Akasema ameongezeka, alhamdulillahi. Kisha akanyanyuka kwa kushika ukuta, akaisogelea baiskeli, akaweka kiganja mahali pake. Pana bomba tu, la chuma.

"Hapa pamekuwa baridi," akasema.

Nikavua khanga yangu ya pili, nikaizungushia lile bomba, nikaifunga. Akajaribu hatua mbili, tatu. Gurudumu lilikuwa linazunguka vizuri sana, nafikiri ni kazi bora niliyowahi kuifanya. Mkono wake ukateleza. Akarudi akakaa.

Nikamweleza yote, nani alifanya, na nani alimfundisha kutafuta. Akanisikiliza.

"Usigombane na watu, mjukuu wangu," akasema. "Una mtoto mdogo."

"Ndiyo maana nagombana, Bibi."

Kesho yake asubuhi nikaenda ofisi ya kata hapa Masasi. Jafari alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba atampa Bibi bei nzuri, juu ya hiyo kiti kingine cha kufanana nacho. Nyinyi mlikuwepo karakanani alipoutuma, mlisikia akisema mbona anafidia. Mtendaji ni kijana mpole, alinipa kalamu na akanishikia Salma. Aliniambia mtu hawezi kuwa mlalamikaji na mlalamikiwa kwenye karatasi moja. Nikamwambia aipokee tu, akaisome akiwa na nafasi. Aliigonga muhuri. Nakala ninayo, na nainakili hapa kama ilivyo, muibandike karakanani, juu ya kopo la gololi.

Kwa Mtendaji wa Kata.

YAH: KUUZWA KWA KITI CHA BAISKELI KILICHOLETWA KWA MATENGENEZO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Mama Salma, fundi baiskeli mstaafu. Nalalamika kwa niaba ya Bibi Zainabu wa Newala, ambaye hawezi kufika kwa sababu kitu anachotembelea ndicho kilichouzwa.

Mlalamikiwa wa kwanza ni Jafari, mwenye karakana, aliyefungua kiti na kukituma Dar bila kumuuliza mwenyewe kinabeba nini.

Mlalamikiwa wa pili ni mimi. Baiskeli niliipokea kwa jina langu, na mahali viti vizuri vinapopatikana nilimwonyesha mimi.

Aina ya mali: kiti kimoja cha ngozi, springi mbili. Thamani: kimekaliwa mara nne.

Hatuombi fedha. Hatuombi kingine kinachofanana. Tunaomba mnunuzi apigiwe simu leo, kabla ya siku saba kwisha, na kiti kile kile kirudi Newala. Nauli ya kukifuata nitatoa mimi.

Kikirudi, naomba kisipanguswe. Kifike kama kilivyo.